Zaidi ya Moja na Nusu

Jina la nchi yetu sitaliandika hapa. Siogopi. Ni kwamba mwezi uliopita serikali ilitangaza kuwa jina hilo linapitiwa upya na kamati, na raia mwema hawezi kulitumia kabla kamati haijamaliza. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye mlima mmoja, mito miwili ambayo kwa sasa imekauka, na Wizara ya Uzito wa Elimu.

Mimi naitwa Roida Kapesa. Nina miaka hamsini na minne, na ni mpishi katika shule ya bweni ya wasichana. Cheti cha sekondari nilikipata nikiwa na miaka hamsini. Tangu hapo, kila Jumatatu hadi Alhamisi, nikishakabidhi masufuria, navua aproni na kwenda kusoma Lishe katika masomo ya jioni ya chuo kikuu. Haya ninayoyaandika nimeyaombea kwanza, nisije nikamwonea mtu. Viongozi wetu ni watu wema. Pale nitakapoonekana kama nawasema vibaya, msomaji ajue ni kwa sababu nilichelewa shule.

Zamani wasomi wetu walikuwa hawapimwi. Mtu alisoma, akaandika, akafundisha, akazeeka, na hakuna aliyejua kama ni mzito au mwepesi. Aibu hiyo iliondolewa na Wizara. Ilianza kuhesabu nukuu. Msomi mmoja akiandika na kusema, haya nimeyapata kwa fulani, basi huyo fulani ana nukuu moja. Kila msomi alipewa bamba la bati lenye namba yake, alivae kifuani. Mambo yakanyooka. Harusini, mwenye mia tatu alikaa meza ya mbele, na mwenye tatu alikaa na wapiga picha.

Lakini palitokea manung'uniko. Profesa wa magonjwa ya moyo alikuwa na nukuu mia tisa, na msomi wa ngoma za kale alikuwa na nne. Huyu wa ngoma alisimama kwenye mkutano wa hadhara akalia machozi. "Mheshimiwa, mioyo iko kila mahali. Ngoma ninayoisoma mimi imebaki moja, nayo imepasuka."

Serikali yetu ni sikivu. Mwaka uleule Mpimaji Mkuu wa Taifa, Mheshimiwa Hezbon Kilatu, alipanda jukwaani kuzindua Mizani ya Haki.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuanzia dakika hii ninayosimama, na hata nitakapokaa, dhuluma kati ya moyo na ngoma imekoma! Kila msomi atagawanywa!"

Tulipiga makofi. Wengine walidhani watagawiwa wao.

"Atagawanywa kwa wastani wa wenzake wa fani yake! Akipata mbili, ni mzito mara mbili ya wenzake. Akipata moja, ni wa kawaida. Akipata nusu, ni nusu msomi, na tutamtafutia kazi ya nusu siku! Na kwa kuwa taifa letu halikupigania uhuru ili liwe na wasomi wa kawaida, Bunge limepitisha: atakayebaki na chumba chake ni mwenye zaidi ya moja na nusu. Lengo letu, ifikapo mwaka ujao, ni kila msomi wa nchi hii awe juu ya wastani!"

Makofi yaliendelea hadi mvua iliyokuwa imetabiriwa ikakosa nafasi ya kunyesha.

Wiki mbili baadaye yule profesa wa moyo aliomba kuhamia fani ya ngoma. Akaingia na nukuu zake mia tisa, akawa msomi mkubwa wa ngoma kuliko wote nchini. Yule aliyelia mkutanoni alipogawanywa ikapatikana sehemu ndogo sana ya moja, akaondolewa. Wenzake profesa wa moyo nao wakamfuata. Mpaka leo fani ya ngoma ina maprofesa kumi na mmoja, wote madaktari wa moyo, na ukishikwa na kifua unaelekezwa idara ya ushairi. Wanajitahidi sana pale.

*

Mwalimu wangu aliitwa Dakta Eliwaza Msongole. Fani yake ilikuwa sumu ya muhogo mchungu, na nchi nzima alikuwa peke yake. Mzee aliyemfundisha alikuwa ameshafariki, na kwa kanuni za Wizara marehemu hana uzito.

Naomba nieleze, maana ndiyo habari yenyewe. Bonde la Igongwe, nilikozaliwa, halioteshi mahindi. Linaotesha muhogo mchungu. Ukiuloweka siku za kutosha, unakula na unashiba. Ukiharakisha, sumu inabaki kwenye unga. Mwaka wa ukame muhogo unazidi uchungu, maji ya kulowekea hayapo, na maharage ya kula nao hayapo. Ndipo mtoto analala mzima na asubuhi anaamka miguu imekaza kama kuni, na haitalegea tena. Mjukuu wangu Sekela anatembea kwa fimbo mbili tangu ana miaka sita. Hiyo ndiyo iliyonipeleka shule.

Dakta aliwafundisha akina mama wa bonde njia ya maji kidogo. Unga unaloweshwa, unatandazwa mwembamba kwenye mkeka, saa mbili juani au tano kivulini, na sumu inapanda na hewa kwenda zake. Alichora mabango ya picha akayasimamisha kwenye visima vyote kumi na tisa. Chuoni alikuwa na chumba namba kumi na nne. Akina mama walileta unga umefungwa kwenye pindo la kanga, naye aliutia kidogo ndani ya kichupa chenye kikaratasi cha njano. Kikibaki njano, kaleni. Kikigeuka kahawia, rudini mkautandaze tena. Alimwambia kila mmoja neno lilelile: "Usiniamini mimi, mama. Angalia karatasi."

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Wale akina mama hawakuandika kwenye majarida. Walipika, wakala, wakanyamaza.

*

Alipoitwa Wizarani nilimsindikiza, kwa kuwa alikuwa na masanduku mawili ya daftari, na mimi mikono yangu imezoea masufuria. Mheshimiwa Kilatu alitupokea vizuri sana. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti tamu, na alifuta miwani kila hesabu ilipokuwa ngumu.

"Dakta, una nukuu mbili. Zote kutoka nje ya nchi. Hongera," alisema. "Sasa nakugawanya."

"Nigawanye, Mheshimiwa."

"Wastani wa fani yako ni..." Alibonyeza mashine. "Mbili. Mbili gawanya kwa mbili, moja. Wewe ni wa kawaida."

"Fani yangu ina mtu mmoja tu."

"Naam. Na mtu huyo ni wa kawaida."

"Nikinukuliwa mara mia?"

"Wastani utakuwa mia. Utakuwa wa kawaida."

"Nisiponukuliwa kabisa?"

Alivua miwani akaifuta. "Hapo mashine inawaka taa nyekundu, na fundi yuko likizo. Usijaribu."

Dakta alifungua daftari moja akaligeuza upande wake. "Ukame uliopita, watoto sitini na mmoja walikaza miguu bondeni. Ukame huu wa juzi, wawili. Mheshimiwa, hao hamsini na tisa wanakimbia. Mnawaweka safu gani?"

"Wameandika jarida gani?"

"Ni watoto."

"Basi wakikua wakaandika, tutawahesabu," alisema kwa upole. "Serikali haina haraka."

Akampa miezi mitano. Ikifika Siku ya Mizani bila zaidi ya moja na nusu, chumba namba kumi na nne kitapewa mtu mwenye uzito.

Kwenye ngazi Dakta alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada Roida, nimefika umri huu ndipo naambiwa siwezi kujizidi." Kisha akaacha kucheka. "Wa hali ya hewa wamesema mvua mwakani hazitakuja. Siwezi kukosa chumba mwakani. Mwaka mwingine wowote, lakini si mwakani."

Karani wa mapokezi, Bwana Fumbuka, alinikimbilia getini. Tunasali kanisa moja, na ni mtu wa mzaha hata wakati wa matangazo.

"Mama, mwalimu wako hana shida ya akili. Ana shida ya majirani."

"Majirani gani tena?"

"Hana mtu ambaye yeye amzidi. Aingie mtu mwingine kwenye fani yake, mtu ambaye hajanukuliwa na yeyote. Sifuri safi." Alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Unamfahamu mtu wa namna hiyo?"

"Namfahamu," nikasema.

*

Hesabu niliipiga nyuma ya mfuko wa mchele. Kanuni inasema mwenye andiko moja kwenye rejista ya Wizara ni msomi wa fani hiyo, hata kama ni mpishi. Dakta ana nukuu mbili. Nikimnukuu mimi, tatu. Mimi sifuri. Tatu kwa watu wawili, wastani ni moja na nusu. Tatu gawanya kwa moja na nusu, mbili kamili! Nilirudia mpaka penseli ikatoboa mfuko. Sijawahi kufurahia kuwa si kitu kama siku ile. Nilipiga magoti palepale stoo, nikasema, Bwana, miaka yote hii nilikuomba unifanye mtu, nawe ulikuwa unaniweka akiba.

Lakini andiko lazima liwe la kweli, siwezi kumdanganya Mungu kwa ajili ya Wizara. Niliandika nilichokijua. Kwetu Igongwe akifa mtu, kila nyumba inapeleka mkeka wake msibani, na haurudi mpaka matanga yaishe. Mwaka wa njaa misiba inafuatana, na mikeka yote iko nje. Basi mama anatandaza unga kwenye ungo. Ungo ni mdogo, kwa hiyo unga unakaa mnene, kimo cha kidole. Juu unakauka vizuri. Chini sumu imelala. Niliandika hayo kurasa kumi na mbili, nikaliita "Kuhusu Mikeka", na nikasema mahali pake kwamba njia ya kutandaza nimeipata kwa Dakta Eliwaza Msongole.

Alilisoma amesimama, chaki mkononi.

"Hili umelipata wapi?"

"Nyumbani, Dakta."

"Miaka minane natafuta kwa nini nyumba zinazofuata bango bado unga wao unageuka kahawia. Nimepima maji. Nimepima jua. Nimepima udongo!"

"Kwetu kila mtu anajua mikeka iko msibani."

"Mimi sikujua." Alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamgonga kidevu. "Mimi sikuuliza. Wala bango langu halikusema cha kufanya mkeka usipokuwepo. Wangeweza kutumia shuka. Shuka safi tu, dada Roida!"

Bwana Fumbuka aligonga muhuri kwenye rejista. "Karibu usomini, mama sifuri." Hesabu ya awali ikatoka: Dakta Msongole, mbili. Siku hiyo wasichana walikula maharage ya nazi bila kujua wanasherehekea nini.

*

Wiki tatu kabla ya Siku ya Mizani, Dakta alikuja jikoni kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na jarida jipya, na ndani yake makala aliyoiandika mbiombio kabla ya ukame: mikeka ikiwa msibani, tandazeni kwenye shuka. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Soma."

Nikafuta mikono, nikasoma. Sababu hii iligunduliwa na Roida Kapesa, katika andiko lake Kuhusu Mikeka.

Jina langu lilikuwa kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya kanisa, na kwenye orodha ya zamu. Sasa lilikuwa kwenye kitabu. Nililia juu ya sufuria ya uji, naye akanishika bega, na wasichana wakachungulia dirishani wakisema mama kaungua.

Jioni ileile Bwana Fumbuka alinisubiri nje ya darasa. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Mama, umeacha kuwa sifuri."

Akanionyesha kwa kijiti chini. Dakta tatu, mimi moja, jumla nne. Watu wawili, wastani mbili. Tatu gawanya kwa mbili.

"Moja na nusu," nikasema. "Si ndiyo inayotakiwa?"

"Inatakiwa zaidi ya moja na nusu."

"Kwani zaidi kiasi gani?"

"Chochote. Punje. Ila hana hiyo punje." Akafuta hesabu kwa kiatu. "Jarida linapokea masahihisho mpaka Ijumaa. Aombe ule mstari utolewe."

Nilimkuta Dakta chumba namba kumi na nne, anakata vikaratasi vya njano. Alikuwa ameshapata habari.

"Dakta, nifute."

"Nikufute wapi?"

"Ule mstari. Sema umeona wewe. Mimi sitamwambia mtu, nakuapia."

"Wewe hutasema. Na mimi nitajiambia nini?"

"Chumba, Dakta! Akina mama watapeleka wapi unga?"

"Unafikiri sijafikiria?" Alivuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na barua nne, zote zimeanzwa, hakuna iliyomalizwa. "Nikifika pale pa kuandika kwamba niliona mimi, mkono unagoma. Kazi yangu yote ni kumwambia mtu karatasi ni njano au ni kahawia. Nikianza kusema kahawia ni njano, kwa sababu nzuri kabisa, kesho nitaaminiwa na nani?"

"Wataumia watoto."

"Usiniambie hivyo, Roida." Hakuwahi kuniita bila dada. Aliuweka mkasi mezani. "Nitamwomba yule bwana. Ni punje tu. Naye ni mtu, ana watoto."

Ijumaa ikapita. Sitaficha kwamba nilimkasirikia. Nilikwenda kanisani nikamlaumu mbele za Mungu kwa ukweli wake, kisha nikajilaumu mwenyewe kwa kuwa na jina. Mpaka leo sijui ni nani kati yetu aliyekosea. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba haikukosea Wizara, maana Wizara ilikuwa imegawanya sawasawa.

*

Siku ya Mizani wasomi waliandamana uwanjani na mabamba yao, wakiongozwa na profesa wa moyo, sasa wa ngoma. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Kilatu alimsikiliza Dakta mbele ya watu wote, tena kwa subira.

"Dakta, neno zaidi limepitishwa na Bunge," alisema. "Nikiliruka hilo leo, kesho nitaruka lipi? Tena tazama, wewe umemnukuu huyu mama, na huyu mama amekunukuu wewe. Ningekuwa mtu mkali ningewaita genge. Sikuwaita. Nimewahurumia."

Watu wakampigia makofi kwa huruma yake. Dakta alivua bamba mwenyewe, lakini kamba ilinasa kwenye hereni, ikabidi Mheshimiwa amsaidie.

Chumba namba kumi na nne alipewa profesa wa ngoma aweke ngoma. Hakuwa na ngoma, akaweka kiti. Vichupa vilitolewa nje na kuoshwa vizuri. Fani ya sumu ya muhogo ikabaki na mimi, mwenye nukuu moja, lakini iligundulika kuwa nukuu hiyo imetoka kwa mtu asiye na uzito, kwa hiyo ikafutwa. Walipojaribu kunigawanya taa nyekundu ikawaka. Fundi bado yuko likizo, na jalada langu lipo mezani kwake.

Kisha ikafuata kanuni ambayo hatukuijua: maneno ya aliyeondolewa hayawezi kukaa mahali pa umma. Gari la Wizara lilikwenda bondeni na madebe ya chokaa likapaka mabango ya visima vyote kumi na tisa. Yalipendeza. Yalikuwa meupe kabisa. Dakta mwenyewe alipewa zuio la kuzungumzia muhogo mahali penye watu zaidi ya wawili. Alijaribu kwenda Igongwe, akarudishwa kwenye kizuizi cha barabara, kwa heshima, akapewa na soda.

Basi akawa ananifundisha mimi, barazani kwa dada yake alikohamia. Wawili tu. Akipita mtu tunanyamaza au tunasifia mawingu, ambayo hayakuwepo. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda bondeni na kurudi Jumapili, kuwaambia watu habari ya shuka. Lakini mimi ni mpishi. Mama mmoja aliniuliza, "Dada Roida, kama ni kweli, mbona serikali imepaka chokaa?" Nilisema nitamwombea. Mwingine alifungua pindo la kanga akaniomba niuangalie unga wake, nami nikautazama kwa macho, kama vile macho yanaona sumu. Kati ya visima kumi na tisa nilifika vitatu. Misiba ilikuwa imeanza, na mikeka ilikuwa imetoka.

*

Watoto walianza kukaza miguu mwezi wa kumi.

Mungu anisamehe, sitaandika yale niliyoyaona. Nitaandika yaliyofuata. Wasomi walikuja. Sijawahi kuona wasomi wengi hivyo Igongwe. Walikuja wa mifupa, wa udongo, wa mila, wa hali ya hewa, na wa ngoma, wakapima miguu ya watoto kwa futi, wakawauliza mama zao maswali arobaini, wakawaomba waweke dole gumba. Mama mmoja alimuuliza kijana wa udongo, "Baba, hiyo futi inanyoosha?" Akajibu kwamba utafiti ukikamilika matokeo yatapatikana mjini.

Waliandika sana. Na kila aliyeandika ilimbidi aanze na Dakta Eliwaza Msongole, kwa sababu kabla yao hakuna mwingine aliyewahi kuandika. Hakuna kanuni iliyozuia kumnukuu. Walisahau kuitunga.

Mwezi wa tano Mheshimiwa Kilatu alikuja barazani mwenyewe na bamba jipya la bati ndani ya kitambaa chekundu, dereva akabaki garini. Tulisimama. Uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli. Nasema hivi kwa sababu mtu huyu hakuwa na ubaya.

"Dakta! Taifa linakuomba radhi na linakupongeza kwa pamoja. Umerudishwa!" Alifunua kitambaa. "Hakuna fani iliyopanda hivi tangu mizani izinduliwe. Hata moyo haujafika hapa. Mwaka mmoja, Dakta, mwaka mmoja tu!"

Dakta hakulipokea bamba. Alikuwa amekonda mwaka ule, na alipoongea na wageni ilibidi wainame kumsikia.

"Tuko watatu, Mheshimiwa. Naruhusiwa kuzungumzia muhogo?"

"Zungumza! Zuio limeondolewa leo asubuhi."

"Wangapi?"

"Nukuu mia mbili na kumi na nane! Na nyingine ziko mitamboni."

"Nauliza watoto. Watoto ni wangapi?"

Mheshimiwa Kilatu alipekua karatasi zake, mbele na nyuma. Alikuwa nazo nyingi, zimepangwa vizuri, kila moja na muhuri. Alivua miwani akaifuta.

"Hiyo," alisema, "iko Wizara nyingine."

"Arobaini na watatu," nikasema mimi.

Dakta aligeuka akanitazama. Miezi yote ile sikuwa nimemwambia hesabu, naye hakuwa ameniuliza.

"Wataje," akasema.

Nikaanza kisima cha kwanza. Tumpe. Lugano. Mapacha wa mama Gwantwa, Kisa na Ambele. Yeye alikuwa akirudia kila jina baada yangu, polepole, kama tulivyozoea darasani, na akilikosea ananiomba nilirudie. Mheshimiwa alisimama na bamba lake, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti. Kisima cha pili, Subilaga, na Asifiwe, na yule mdogo wa mwalimu. Cha tatu hakikuwa na mtu, tukakipita. Dereva alipiga honi. Tulipofika jina la kumi na saba Mheshimiwa aliangalia saa yake, na sisi tulikuwa bado kwenye kisima cha saba.